Chuma kizito cha nyumbani: namna ya kukipata Mombasa, kukipima na kukitayarisha kisiliwe na kutu

Kusi, ule upepo wa msimu utokao kusini, ikishika, milango ya Mombasa haitulii. Unafungua dirisha la mbele na la nyuma ili nyumba ipate hewa, na dakika hiyohiyo mlango wa chumba unajibamiza: plasta inamong'onyoka kwenye fremu, kitasa kinalegea, mtoto aliyelala anaamka analia. Wengi hutegesha champali, wengine huburura kiti au dumu la maji. Champali huteleza, kiti huziba njia, na dumu lisipokuwa na maji halina kazi. Kinachotakiwa ni kipande cha chuma kizito, kidogo cha kuingia mkononi, kisicho na ncha kali na kisichochafua sakafu. Chuma hichohicho hutumika pia kubana mbao zilizotiwa gundi, kushikilia kitambaa kinapokatwa na kukandamiza kitabu kilichoachana mgongo.

Mji huu haukosi vyuma. Una bandari, una gereji kila mtaa, una yadi za vyuma kuukuu njia yote ya kutokea kisiwani. Kukipata si kazi. Kazi ni kujua mapema unataka kilo ngapi, na kukiandaa kivumilie hewa ya chumvi, na hapo ndipo watu wengi huruka hatua, kisha baada ya miezi mitatu sakafu yao ina duara la kutu lisilotoka kwa sabuni.

Unataka kilo ngapi?

Tuanze na mlango, maana ndio unaosumbua zaidi. Mlango wa chumba wenye upana wa sentimita 80 na urefu wa mita 2 una eneo la mita za mraba 1.6. Upepo wa mita 6 kwa sekunde ukiupiga mlango huo uso kwa uso, unausukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 3.5 hivi. Ukiweka chuma upande wa kitasa, kinapokea nusu tu ya nguvu hiyo, kwa sababu nusu ya pili inashikwa na bawaba. Ukikiweka katikati ya mlango kinapokea yote, na kadiri unavyokisogeza karibu na bawaba ndivyo kinavyozidi kulemewa. Basi jambo la kwanza halina gharama: chuma kikae upande wa kitasa, kimeugusa mlango kabisa. Ukiacha nafasi, mlango utakuja kwa kasi na kukigonga, na pigo hilo lina nguvu kuliko upepo wenyewe.

Jambo la pili ni sakafu. Chuma kitupu juu ya vigae huteleza. Ili kizuie ule msukumo wa nusu, kinahitaji kuwa na kilo 6 hivi. Kikivalishwa mpira chini, kilo 2.5 zinatosha kwa kazi ileile. Upepo wa ghafla ukifika mita 10 kwa sekunde, mahitaji yanakaribia mara tatu: kilo 16 za chuma kitupu, au kilo 7 zenye mpira. Kwa nyumba ya ghorofani inayotazama bahari, mimi husema kilo 7 na mpira chini. Kwa chumba cha chini kilichozungukwa na nyumba nyingine, kilo 3 au 4 ni nyingi za kutosha. Zaidi ya kilo 8 unajitesa bure, maana chuma cha mlango huinuliwa na kusogezwa mara nyingi kwa siku, tena huenda anayekisogeza ni bibi au mtoto wa shule.

Kubana gundi kunataka kilo 10 hadi 15, lakini hizo si lazima ziwe kipande kimoja. Kushikilia kitambaa kunataka vipande vingi vidogo vya gramu 300 au 400. Mwavuli wa kuuzia barabarani ni habari nyingine: kitako chake kianzie kilo 20, na kwa uzito huo usihangaike na chuma. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20. Likijaa mchanga mkavu linapita kilo 30.

Pa kutafuta

Anza ndani ya nyumba yenu. Pasi ya makaa iliyostaafu ni chuma kizuri kuliko vyote: ina mshikio, ina kitako kilichonyooka, na tumbo lake ukilijaza nati na bolti kuukuu uzito unaongezeka kadiri upendavyo. Funga kifuniko kwa waya kisifunguke. Lakini kama ni pasi nzima ya zamani, yenye komeo lake na pambo lake, usiipake rangi. Iache ilivyo, uifute mafuta kidogo tu. Mawe ya mizani ya chuma, vinu vidogo vya kutwangia viungo, miguu ya cherehani iliyokufa na vyuma vya mazoezi vilivyoachwa uvunguni, vyote vinafaa.

Ukikosa nyumbani, nenda gereji kabla ya kwenda yadi. Diski ya breki ya gari dogo ikishalika hubadilishwa, na makanika huziweka pembeni zikingoja mnunuzi wa vyuma. Diski moja huwa na kilo 4 hadi 8 kutegemea gari, ni ya duara, imenyooka, na ina tundu katikati la kupitisha mshikio. Flaiwili, yaani gurudumu zito la injini ndogo, nayo ni nzuri, ila meno ya pembeni yake hukwaruza vigae, kwa hiyo lazima ivalishwe. Dramu ya breki ya lori iache, hiyo peke yake inataka watu wawili. Ukitwaa chochote cha breki, usikipulize wala usikipanguse kikavu. Vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu. Kiloweshe kwanza, kioshe kwa maji ya sabuni, kisha kikauke.

Gereji za Shimanzi na Changamwe hazikosi diski. Yadi za vyuma kuukuu utazikuta ukielekea Mikindani, Jomvu na Miritini. Nenda asubuhi, vaa viatu vilivyofunika vidole, chukua gunia, na kama unayo, sumaku ya spika mbovu. Salimia, kisha sema shida yako wazi: “Ami, natafuta chuma cha kuzuilia mlango, kilo sita saba hivi, kilichonyooka chini.” Mwenye yadi anajua alichonacho kuliko utakavyojua wewe kwa kuzunguka saa nzima juani. Uliza kilo anauzaje kabla hujachagua, maana kipande kikishakuwa mkononi mwako na macho yakakuwaka, bei huanza kukadiriwa kwa kutazamwa uso wako. Kipimwe kwenye mizani ukiona.

Na kuna vyuma ambavyo hata ukipewa bure usivichukue: kipande cha reli, kifuniko cha shimo la maji taka, vyuma vya pembe vya nguzo za umeme, vipande vya mita za maji, vibao vya barabarani. Kenya ina Sheria ya Vyuma Kuukuu ya mwaka 2015, na mfanyabiashara lazima awe na leseni. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote hiyo nchini kwa sababu ya wizi wa vyuma vya umeme na reli, ikaifungua tena Mei mwaka huohuo. Nunua kwa mwenye leseni, omba risiti, uende zako kwa amani.

Njia ya tatu ni fundi wa kuchomelea. Mwambie akukatie nondo ya milimita 25 vipande saba vya sentimita 20. Nondo hiyo ina kilo 3.85 kwa kila mita, kwa hiyo saba zako zinafika kilo 5.4. Kimoja kikae katikati, sita vikizunguke. Vinakaa sawasawa bila mwanya wa kuchezacheza. Achomelee ncha zote mbili, alaze fungu hilo chini na kuweka mshikio wa nondo nyembamba juu. Ukitaka lisimame wima, achomelee bamba la sentimita 15 kwa 15 lenye unene wa milimita 10 chini yake, nalo lina kilo 1.8 hivi. Bila bamba litaanguka, na kilo tano zikimwangukia mtu kwenye kidole cha mguu si mchezo. Mwambie pia asichomelee kipande kilichopakwa zinki kabla ya kukiondoa ile ngozi nyeupe, kwa kuwa moshi wake huleta homa. Na maziwa ambayo mafundi wengi huyanywa hayauzuii. Hewa wazi ndiyo kinga.

Risasi: hapana

Hapa sitaki mzaha. Watu watakushauri utumie risasi, ile metali laini ya kijivu, kwa sababu ni nzito kuliko chuma: sentimita moja ya ujazo ina gramu 11.3, wakati ya chuma ina gramu 7.85. Utaiona kwenye chubwi za wavuvi, kwenye vipande vya kubalansia magurudumu na ndani ya betri za gari. Usiiingize nyumbani. Risasi huacha unga mkononi, mkono wa mtoto huenda mdomoni, na madhara yake kwa ubongo wa mtoto hayarudi nyuma. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Mombasa hatuhitaji kuhadithiwa haya na watu wa mbali. Owino Uhuru, kule Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu hewa, maji na udongo wa mtaa mzima, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapahapa mjini iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Watoto walikuwa wameshaugua. Mtu anayeyeyusha betri kwenye sufuria uani ili apate kipande cha kuzuilia mlango anajenga Owino Uhuru ndogo nyumbani kwake.

Kuitambua ni rahisi. Sumaku haiishiki. Ukiikwaruza kwa msumari inang'aa kama fedha, kisha baada ya muda inafifia ikawa kijivu. Ukiisugua kwenye karatasi nyeupe inaacha mstari wa kijivu. Chuma cha kawaida sumaku hukivamia. Shaba pia haishikwi na sumaku, lakini ni ngumu na ya manjano au nyekundu, haina ubaya ila bei.

Vingine vya kuacha: mitungi ya gesi, shokomzoba, bomba lililozibwa ncha zote mbili, kompresa ya friji, transfoma ya nguzoni, na chochote kinachofanana na silaha.

Kukipima bila mizani

Ukiwa na mizani ya kuning'iniza, ile ya muuza samaki, kazi imekwisha. Huna? Weka ndoo ndani ya beseni kavu, ijaze maji mpaka yafike ukingoni yakitaka kumwagika. Zamisha chuma polepole kwa kamba, kisiguse ukingo. Maji yaliyomwagika kwenye beseni yapime kwa kikombe chenye alama. Lita moja iliyomwagika ni kilo 7.85 za chuma cha kawaida, au kilo 7.2 hivi kama ni chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, kama diski ya breki. Nusu lita, basi, ni karibu kilo 4. Kwa chuma chenye tumbo tupu njia hii ni sahihi iwapo maji yameingia ndani kote.

Uzito huu ni wa nyumbani tu. Ukitaka kuuzia watu kitu, mizani na mawe yake lazima yakaguliwe na kupigwa mhuri na idara ya vipimo.

Kukitayarisha

Tenga siku ya jua, na kusugua kwa mwisho, kukausha na koti la kwanza la rangi vyote vifanyike siku hiyohiyo. Chuma kilichosuguliwa kikang'aa hakingoji kesho huku pwani. Ukikiacha usiku mmoja, asubuhi kina vumbi la rangi ya chungwa, na ukipaka rangi juu ya vumbi hilo umepaka juu ya kutu. Isiwe siku ya mvua za masika.

Ikiwa chuma kimekaa baharini, kama pete ya mnyororo wa nanga, anza wiki moja kabla: kiloweke kwenye maji matamu, ubadilishe maji kila siku, mpaka ulimi wako usionje chumvi kwenye maji yanayomwagwa. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi, hayo hayasaidii. Tumia ya bomba au ya mvua.

Grisi hutoka kwa mafuta taa na kitambaa, mbali na jiko. Kisha sabuni ya unga na burashi. Baada ya hapo burashi ya waya mpaka magamba yote ya kutu yatoke, huku umevaa miwani, maana nyaya za burashi hukatika na kuruka. Kutu iliyojificha kwenye mashimo itoe kwa kukiloweka chuma ndani ya siki usiku kucha. Asubuhi ukisugue, ukisuuze kwa maji yenye magadi kidogo ili ukali wa siki ufe, ukifute, ukiweke juani. Chuma cheusi kikikaa juani robo saa kinakuwa na joto la kuhisika mkononi. Hapo unyevu umetoka hata kwenye nyufa, na hapo ndipo pa kupaka.

Kona zote kali zishughulikie kwa tupa kabla ya rangi. Pitisha kidole polepole, kikikwama, bado. Rangi ya kwanza ni ile nyekundu ya kuzuia kutu, koti mbili, ukiupa kila upande muda wa kukauka. Anza na sehemu ya chini ambayo haitaonekana, kwa kuwa ndiyo itakayogusa maji ya kudekia kila siku. Halafu koti mbili za rangi ya mafuta. Ningechagua nyeupe au njano: chuma cheusi kwenye ushoroba wenye giza, umeme ukikatika, kinavunja vidole.

Mpira wa chini ukate kwenye soli ya champali kuukuu, ubandike kwa gundi ya washona viatu: paka pande zote mbili, ngoja zikauke kiasi cha kutoshika kidole, ndipo uzikutanishe na kugonga kwa nyundo. Mpira wa tairi unashika vizuri zaidi, lakini huacha alama nyeusi kwenye vigae vyeupe na terazo. Kama sakafu yako ni hiyo na tairi ndilo ulilo nalo, shonea chuma mfuko wa jinzi kuukuu.

Kisha kijaribu. Kiweke sakafuni, kifunge kamba, kivute kwa ile mizani ya kuning'iniza sambamba na sakafu, utazame mshale kinapoanza kusogea. Ukisoma kilo 2 na zaidi kabla hakijateleza, kusi ya kawaida hakiogopi.

Chuma hakuna: kopo la simiti

Simiti peke yake ni nyepesi. Kopo la lita 2 likijaa zege tupu lina kilo 4.8, likitiwa vyuma vidogo ndani linakaribia 9. Tafuta kopo la plastiki la mafuta ya kupikia, kwa sababu la bati litaota kutu. Kusanya kilo 6 za nati, bolti, vipande vya nondo na beringi mbovu, uzioshe grisi yote, la sivyo simiti haizishiki. Toa alumini yote: ikikutana na simiti mbichi hutoa hewa, na zege huvimba.

Changanya nusu lita ya simiti na lita moja ya mchanga, ukitia maji kidogokidogo, yasizidi mililita 400. Mchanga uwe wa mto. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi itavila vyuma vyako vikiwa ndani, vivimbe, vipasue kopo. Weka tabaka la mchanganyiko, kisha vyuma, kisha mchanganyiko, huku ukigonga kopo sakafuni mapovu yatoke. Kipande cha nondo kilichokunjwa kiwe mshikio, miguu yake ifike karibu na chini. Lifunike kwa gunia lililoloweshwa siku 7, ulinyunyizie maji. Vaa glavu, simiti mbichi huchoma ngozi.

Kazi nyingine

Ukibana mbao, weka karatasi ya nailoni juu ya gundi, kisha ubao ulionyooka, kisha vyuma. Nailoni inazuia gundi isipande na chuma kisiache doa jeusi. Gundi nyeupe iache ibanwe saa nzima, na usikikalie kiti mpaka kesho yake. Kwa leso na vitambaa vinavyoteleza, washa kubwa za hadiwea, zile pete bapa za kuwekea bolti, tatu tatu zilizofungwa pamoja na kushonewa kitambaa, hushika vizuri kuliko pini na hazitoboi.

Kukandamiza achari ndani ya chupa ni kesi ya peke yake: chuma usitumie. Ndimu na embe zenye chumvi zikigusa chuma, chuma kinayeyuka humo na achari inakuwa na ladha ya kutu, hata rangi haiokoi. Jiwe la matumbawe nalo, ambalo wengi huliokota ufukweni, ni chokaa: ndimu hulila, utaona povu. Chupa kubwa ifunike kwa sahani ya kauri inayoingia mdomoni mwake, na juu ya sahani uweke gilasi nzito iliyojaa maji ya chumvi kama yaliyomo ndani, ili ikimwagika isiharibu kitu.